BARTOLOMEO CRISTOFORI: FUNDI ALIYETUPA PIANO

Msomaji mpenzi, bila shaka umewahi kuisikia piano, iwe kanisani, redioni, ama kwenye tamasha za muziki za shule. Tukiulizwa ni nani aliyetunga wimbo fulani, mikono huinuka haraka. Lakini tukiulizwa ni nani aliyeiunda piano yenyewe, darasa zima kimya! Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wetu wa leo hakusifiwa sana, na tembo lake halikutiwa maji hadi siku ya kufa kwake.

Jina lake ni Bartolomeo Cristofori. Katika kurasa hizi tutayatazama maisha yake na kazi yake. Aidha tutaona jinsi kipande kidogo cha ngozi au cha sufu, kitu ambacho nondo hukila bila kuuliza bei, kilivyowaletea wataalamu wa makumbusho mgogoro ambao haujaisha hadi leo.

KUZALIWA KWAKE NA KAZI YA KWANZA

Cristofori alizaliwa tarehe 4 Mei 1655 katika mji wa Padua, kaskazini mwa nchi tunayoiita Italia. Nasema tunayoiita, kwa maana wakati huo Italia haikuwa nchi moja. Kila sehemu ilikuwa na watawala wake. Padua ilikuwa chini ya Jamhuri ya Venice, nao mji wa Florence ulikuwa chini ya ukoo tajiri wa Medici uliotawala Toscana.

Habari za utoto wake ni chache mno. Tunachojua ni kwamba kufikia umri wa miaka 33 alikuwa fundi mwenye sifa, kwani mwaka wa 1688 aliajiriwa na Ferdinando de' Medici, mwana wa mtawala wa Toscana na mrithi wa kiti chake. Ferdinando alikuwa mpenda muziki kwelikweli. Alikusanya ala nyingi, na isitoshe alipenda mashine na saa. Mtu kama huyo alihitaji fundi wa kuzikarabati ala zake, kuzisawazisha sauti, kuzihamisha kutoka jumba moja hadi jingine, na kubuni nyingine mpya. Mshahara wa fundi ulikuwa skudi 12 kwa mwezi.

Hata hivyo, mambo hayakuanza vizuri. Cristofori aliwekwa kufanya kazi mahali palipokuwa na mafundi wapatao 100: wachongaji, wafua dhahabu na wengineo, kila mmoja na kishindo chake. Hebu fikiria, wewe unatega sikio usikilize uzi mmoja mwembamba, na jirani yako anapiga tindo! Kelele hizo zilimkera, akazilalamikia. Baadaye alipata karakana yake mwenyewe, na hapo ndipo kazi ilipoanza kunoga.

Kabla ya piano, alibuni vitu vingine. Kimoja kilikuwa kinanda kikubwa cha kutumiwa na waimbaji na wapiga ala kwenye jukwaa ambako nafasi ni finyu. Kingine kilikuwa kinanda cha umbo la yai. Viwili vya aina hiyo ya yai, cha 1690 na cha 1693, vipo hadi leo.

SHIDA ILIYOKUWAPO

Ili tuelewe alichokifanya, yafaa tujue vinanda vya nyuzi vilivyokuwapo kabla yake. Vilikuwa vya aina mbili kuu. Cha kwanza ni hapsikodi. Ukibonyeza kibao chake, kijiti chenye ncha ya ubua wa unyoya huinuka na kuudonoa uzi, sawa na ukucha unavyodonoa uzi wa gita. Sauti yake ni kali na nzuri, lakini ina kasoro moja: upige kwa nguvu, upige polepole, sauti ni ile ile. Cha pili ni klavikodi. Hiki huuguza uzi kwa kipande kidogo cha shaba. Hapa mpigaji aliweza kupandisha na kushusha sauti kwa kidole, lakini sauti yenyewe ilikuwa ndogo hivi kwamba watu wakizungumza chumbani, basi, hakisikiki tena.

Mwimbaji aweza kunong'ona na aweza kupaza sauti. Mpiga zeze vilevile. Mpiga hapsikodi hakuweza. Cristofori alitaka kinanda chenye sauti ya kutosha ukumbini na chenye kutii kidole.

Jibu lake lilikuwa nyundo. Wee, rahisi hivyo? Ngoja kwanza. Chukua uzi wa gita uugonge kwa kijiko, kisha ukiache kijiko pale pale. Utasikia "tk!" na sauti imekufa. Nyundo ikikaa juu ya uzi, inauzima uzi ule ule iliotaka kuuliza. Kwa hiyo ilibidi nyundo irushwe, iachiliwe kabla ya kufika, igonge, irudi mara moja, hata kama kidole bado kimebonyeza kibao. Ikirudi isidunde na kugonga tena mara ya pili. Na kidole kikiinuka, kitu kingine kishuke juu ya uzi kuizima sauti.

Cristofori aliyatatua yote hayo. Alitengeneza kijiti kinachoisukuma nyundo kisha kinaponyoka na kuiacha iende yenyewe. Mwanzoni nyundo iliporudi ilipokelewa na nyuzi za hariri. Katika piano zake za baadaye aliweka kizuizi cha kuidaka. Mwaka wa 1700 orodha ya ala za Medici ilikitaja kinanda chake kipya chenye uwezo wa kutoa sauti ndogo na kubwa. Kilikuwa na vibao 49. Kwa Kiitaliano sauti ndogo huitwa "piano" na sauti kubwa "forte". Ndipo tulipolipata jina pianoforte, nasi tukalikata tukabaki na piano.

KITU LAINI KATI YA NYUNDO NA UZI

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Mti mtupu ukigonga waya, sauti yake ni kama ya bati. Lazima kuwe na kitu laini kati yao. Kikiwa laini mno, sauti inakuwa butu kama mtu anayezungumza na blanketi mdomoni. Kikiwa kigumu mno, sauti inachoma masikio. Hapo ndipo ustadi wa fundi huyu ulipoonekana.

Katika piano yake ya 1726, kichwa cha nyundo ni mkanda wa karatasi uliokunjwa duara na kugandishwa kwa gundi, mfano wa pete nene. Juu ya pete hiyo ndipo palipobandikwa kipande cha ngozi laini. Pete ya karatasi ni nyepesi na inanesa kidogo, nayo ngozi inaugusa uzi kwa upole. Karatasi, gundi na ngozi! Vitu ambavyo wewe na mimi tungevitupa ndivyo vilivyoamua sauti ya piano itakuwaje.

Tena aliutazama mwili mzima wa ala. Nyuzi zikikazwa huvuta kwa nguvu nyingi, na mti huanza kupinda. Yeye aliutenga ukuta wa nje, unaobeba mvuto wa nyuzi, na ukuta wa ndani unaoshika ubao wa sauti, ili ubao huo usibanwe. Kila kibao kilikuwa na nyuzi mbili, kwa hiyo piano ya vibao 49 ilikuwa na nyuzi 98. Katika ile ya 1726 mpigaji aliweza kuvisogeza vibao kando kidogo ili nyundo igonge uzi mmoja tu badala ya miwili, sauti ikapungua zaidi.

KUPOKELEWA KWA PIANO

Msemo wetu unasema kizuri chajiuza. Mbona basi piano haikujiuza? Mwaka wa 1711 mwandishi Scipione Maffei alichapisha makala marefu kuhusu chombo hiki, pamoja na mchoro wa viungo vyake vya ndani. Kufikia wakati huo Cristofori alikuwa ametengeneza piano tatu hivi. Maffei mwenyewe alikisifu, lakini alieleza kwamba baadhi ya wanamuziki hawakuridhika: walisema sauti ni laini mno na haina makali. Walikuwa wamezoea mdonoo wa hapsikodi. Masikio nayo yana mazoea yake.

Bwana wake Ferdinando alifariki mwaka wa 1713 kabla ya kukirithi kiti cha baba yake. Cristofori hakufukuzwa. Alibaki katika utumishi wa baba yake marehemu, Cosimo wa Tatu, na mwaka wa 1716 akakabidhiwa rasmi ulinzi wa ala zote za jumba hilo. Aliendelea kutengeneza piano na kuziboresha. Juu ya zile tatu zilizobaki aliandika kwa Kilatini jina lake, mji wake Padua, mwaka, na kwamba yeye ndiye mvumbuzi. Hakuwa mtu wa kujitapa, lakini hili alitaka lijulikane.

Uzeeni aliugua mara kwa mara. Mwaka wa 1729 aliandika wasia wa kumwachia vyombo vyake vya kazi mwanafunzi wake Giovanni Ferrini. Kisha mwaka huo huo akaubadilisha, akawaachia sehemu kubwa ya mali yake akina dada wawili wa nyumba ya Dal Mela waliomuuguza, naye Ferrini akapata skudi 5. Aliaga dunia huko Florence mwaka wa 1731. Mwaka uliofuata, 1732, Lodovico Giustini alichapisha huko huko Florence muziki wa kwanza ulioandikwa hasa kwa ajili ya piano. Fundi hakuwahi kuuona.

JINA LAPOTEA

Makala ya Maffei yalitafsiriwa kwa Kijerumani mwaka wa 1725. Fundi Gottfried Silbermann wa Ujerumani akaanza kuunda piano. Mwanamuziki mashuhuri Johann Sebastian Bach alizijaribu za mwanzo na kulalamika kwamba sauti za juu ni dhaifu na vibao ni vizito. Silbermann alizirekebisha, na Mfalme Frederick wa Prussia akanunua kadhaa. Piano hizo zinafanana sana na za Cristofori upande wa ndani. Lakini Wajerumani wengi waliamini kwamba piano ni yao, na jina la fundi wa Padua likazama. Hadi mwaka wa 1874 ndipo Leto Puliti alipochapisha utafiti kutoka hati za Florence uliolirudisha jina hilo mahali pake.

Huko Hispania mambo yalikuwa ya kusikitisha zaidi. Malkia Maria Barbara alikuwa na piano kutoka Florence. Alipofariki mwaka wa 1758, mali yake iliandikwa, ikaonekana kwamba mbili zilikuwa zimegeuzwa kuwa hapsikodi! Nyundo zilitolewa, vijiti vya unyoya vikawekwa. Viungo vya ndani hubadilishwa upesi, na vikishatupwa hakuna anayevililia.

FELITI YAINGIA

Miaka ilivyopita watu walitaka piano yenye sauti kubwa zaidi. Nyuzi zikawa nene, zikakazwa zaidi, na fremu ya chuma ikaingia. Ngozi pekee haikutosha. Mwaka wa 1826 Jean-Henri Pape, fundi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Paris, alipata hataza ya kufunika nyundo kwa feliti. Feliti ni sufu iliyoshindiliwa kwa maji, joto na msuguano mpaka ikashikamana bila kufumwa. Ile kofia nyekundu ya tarbushi wanayoivaa wazee wa pwani ni ya kitambaa cha namna hii.

Piano ya leo yenye vibao 88 ina nyuzi zipatazo 230, nazo zikijumlishwa huvuta kwa uzito wa tani 18 hivi au zaidi. Feliti imejaa kila mahali: kichwani mwa nyundo, kwenye vizima sauti, chini ya vibao, na pia juu ya fremu ambapo nyuzi hupita kabla ya kufungwa. Ile ya kwenye fremu ina kazi ya kuzuia sehemu ya uzi isiyopigwa isivume ovyo kama mbu.

Sasa, feliti huzeeka. Nyuzi huichimba mifereji, unyevu huigandisha, nondo hutaga mayai humo. Piano kuukuu ikitolewa nyuzi zote ili iwekwe mpya, huo ndio wakati wa kuibadilisha feliti ya chini yake, kwa maana nyuzi zikisharudi humwezi kuifikia tena. Fundi mzuri hazikati nyuzi zote kwa mpigo. Huzilegeza kidogo kidogo, akizunguka, ili fremu isishtuke. Hupima unene wa kila waya. Feliti kuukuu haitupi: huibandua polepole, akapima unene wake mahali ambapo haijachimbwa na uzi, na kuifanya kiolezo cha mpya. Ikiwa nene mno, nyuzi huinuka na mkao wake hubadilika. Ikiwa nyembamba mno, zinanguruma juu ya chuma. Akishamaliza, nyuzi mpya hunyooka kwa miezi kadhaa, na lazima asawazishe sauti tena na tena.

PIANO TATU, NJIA TATU

Kwa piano ya kawaida, hilo si jambo la kubishaniwa. Badilisha, watoto wapige. Lakini je, ikiwa piano ni ya Cristofori mwenyewe? Zimebaki tatu tu duniani.

Ya 1720 iko New York, Marekani, katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan. Ndiyo kuukuu kuliko zote. Ilikarabatiwa mwaka wa 1875, na tena mwaka wa 1938 ikapewa ubao mpya wa sauti. Nyundo zake si zile alizozitengeneza Cristofori. Imewahi kupigwa mbele ya watu, na watu wakafurahi. Lakini walichokisikia kilikuwa nini? Ubao si wake, nyundo si zake, nyuzi si zake.

Ya 1722 iko Roma. Wadudu wameila, haipigiki tena.

Ya 1726 iko Leipzig, Ujerumani, katika makumbusho ya chuo kikuu cha huko. Hiyo ndiyo yenye zile nyundo za karatasi na ngozi tulizozitaja. Nayo siku hizi haipigwi. Wataalamu waliamua kwamba ni heri inyamaze kuliko zile pete za karatasi zivunjike.

Hapo ndipo mgogoro ulipo. Upande mmoja husema ala ya muziki isiyopigwa ni kama jahazi lililowekwa sebuleni. Upande wa pili husema kila kipande kipya unachokiweka kinafuta neno moja katika barua aliyotuandikia fundi, na barua yenyewe haina nakala. Mimi naona upande wa pili una haki zaidi kwa hizi tatu, na sababu yangu ni hii: mafundi wa leo wameweza kuunda nakala za piano za Cristofori zinazopigwa vizuri na kurekodiwa. Wameweza kwa sababu kuna mahali pa kwenda kupima pete ya karatasi ilikunjwa vipi, na ngozi ilikuwa nene kiasi gani. Kama mtu mmoja mwenye nia njema angebandika feliti mpya katika piano ya Leipzig ili ipigwe tamashani, tusingeijua siri hiyo kamwe. Nakala ipigwe, ya asili itunzwe. Nyuzi mpya twaweza kununua hata kesho, lakini ngozi aliyoikata Cristofori mwenyewe haiuzwi popote.

TUNAJIFUNZA NINI?

Cristofori hakuacha kitabu wala watoto wa kulitangaza jina lake. Picha yake ya pekee iliyochorwa akiwa hai, mwaka wa 1726, iliangamia katika Vita vya Pili vya Dunia. Tumebakiwa na picha zilizopigwa kutoka kwayo. Kilichomtetea ni kazi ya mikono yake, hasa sehemu zile ambazo hakuna aliyeziona, zilizofichika chini ya nyuzi.

Wenzangu wa chama, sisi pia tuna ala zetu. Kuna zeze, nyatiti, obokano na ngoma za kila aina zilizotengenezwa na wazee ambao majina yao hatuyajui. Ngozi ya ngoma ikipasuka, mara moja twaivua na kuitupa, twawamba nyingine. Si vibaya, ngoma lazima ilie. Lakini kabla ya kuitupa, mtu apime unene wake, aandike ilikuwa ya mnyama gani na ilifungwaje, na amuulize mzee jina lake angali hai. Daftari na kalamu tunazo.